Mbwa anayejikuna: dhana potofu kuhusu aleji na ukweli wake

Muulize mfugaji yeyote wa mbwa, awe Tanga, Dar es Salaam, Mombasa au Nairobi, kwa nini mbwa wake hatulii kwa kujikuna, na mara nyingi utajibiwa moja kati ya mawili. "Ana upele huyo, nitampaka dawa." Au, hasa mijini siku hizi, "Ana aleji." Majibu yote mawili hutoka kabla mtu hajayafunua manyoya akaitazama ngozi yenyewe, na yote mawili yana gharama yake. Mwenye upele, yaani ugonjwa wa utitiri, wadudu wadogo sana wanaochimba ngozi, akitibiwa kama mwenye aleji, wadudu wanaendelea kuzaana, na haupiti muda hata watoto wanaocheza naye wanaanza kujikuna. Mwenye aleji akipakwa dawa ya upele mwezi baada ya mwezi, ngozi inachubuka, pesa inakwisha, na mwasho uko palepale.

Ninachoshikilia ni hiki: aleji ya mbwa ni jawabu la mwisho. Hakuna kipimo kimoja kitakachokuambia "ndiyo, ni aleji". Daktari huifikia kwa kuondoa sababu moja baada ya nyingine: kwanza wadudu, kisha maambukizi ya bakteria na fangasi, kisha chakula, na kinachobaki ndicho mzio (aleji) wa mazingira, yaani wa vitu kama vumbi la nyumbani. Dhana nyingi potofu zinazozunguka mitaani zimetokana na kuruka mpangilio huo.

"Aleji ni kupiga chafya na kutokwa machozi"

Ndivyo ilivyo kwa watu wengi, na ndiyo sababu mwenye mbwa huipita aleji bila kuitambua. Kwa mbwa, aleji hukaa kwenye ngozi. Wapo wanaopiga chafya au kuwa na macho mekundu, lakini dalili kuu ni mwasho, na mwasho huo una mahali pake: nyayo na katikati ya vidole, makwapa, kinena, tumbo, kuzunguka macho na mdomo, na ndani ya masikio. Mbwa analamba miguu jioni nzima, anasugua uso kwenye zulia au ukutani, anaburuza makalio chini, anatikisa kichwa. Kwa mbwa mweupe au wa rangi ya maziwa, manyoya ya miguuni hugeuka rangi ya kutu. Rangi hiyo inatokana na mate, na ukiiona ujue amekuwa akilamba kwa muda mrefu, hata kama hujawahi kumkuta akifanya hivyo. Watu husema "anajisafisha tu" au "amechoka kukaa ndani". Mbwa hajisafishi miguu kila siku mpaka ngozi inakuwa nyekundu.

Masikio nayo yanasahauliwa sana. Mbwa anaugua sikio, anatibiwa, anapona, na baada ya mwezi linarudi lilelile. Mara nyingi tatizo la mbwa wa namna hiyo halikuanzia sikioni. Mfereji wa sikio umefunikwa na ngozi kama sehemu nyingine ya mwili, na ngozi ikivimba kwa aleji, huko ndani nako huvimba, kisha fangasi na bakteria wanapata pa kuzaliana. Kumtia matone kila mara bila kutafuta chanzo ni kupiga deki huku bomba linavuja.

Umri nao unasaidia kutambua. Mzio wa mazingira kwa kawaida huanza mbwa akiwa na kati ya miezi 6 na miaka 3. Mbwa wa miaka 9 ambaye maisha yake yote hakuwahi kusumbuliwa na ngozi, akianza leo, fikiria kwanza wadudu, maambukizi au matatizo ya homoni. Mzio wa chakula hauna umri: unaweza kuanza kwa mbwa mdogo wa miezi michache, na unaweza kuanza uzeeni.

Na kabla hujasema miguu inawasha kwa aleji, inua mguu utazame chini ya nyayo na kando ya kucha. Kwetu huku mbwa anayelala kwenye mchanga au kwenye vumbi la banda la kuku anaweza kuwa na funza, na funza huonekana kama kitone cheusi katikati ya uvimbe mweupe. Vivyo hivyo kuna mabuu ya nzi wanaokaa chini ya ngozi na kutoa uvimbe kama jipu lenye tundu juu. Yote hayo humfanya mbwa alambe na atafune, na hakuna hata moja lenye uhusiano na aleji.

"Nimemkagua, sijaona kiroboto hata mmoja"

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu sidhani kama kuna dhana inayopoteza pesa za watu kuliko hii.

Mbwa wa kawaida akiumwa na kiroboto hujikuna pale alipoumwa, basi. Mwenye mzio wa mate ya kiroboto ni habari nyingine. Kuumwa mara chache tu kunaweza kumwasha kwa siku kadhaa, wakati kiroboto mwenyewe ameshaondoka, au ameshamezwa. Kwa kuwa anajilamba na kujitafuna bila kupumzika, huyo mwenye mzio ndiye anayeweza kuwa na viroboto wachache kuliko wanyama wote wa nyumba hiyo. Mbwa mwenzake ana viroboto tele wala hajali. Yeye hana hata mmoja na mgongo umebaki mtupu. Kwa hiyo kutowaona hakuthibitishi kitu.

Tazama anajikuna wapi. Mzio wa viroboto hukaa nyuma: chini ya mgongo karibu na shina la mkia, mapaja kwa upande wa nyuma, na mkia wenyewe. Manyoya hupungua, vipele vidogo vyenye magamba hutokea, na kwa aliyekaa na hali hiyo muda mrefu ngozi hugeuka nyeusi na nene. Anayeteseka zaidi mbele, yaani uso, masikio na miguu ya mbele, elekeza shaka kwenye mazingira au chakula. Mgawanyo huu una mipaka yake. Mbwa mmoja anaweza kuwa na mzio wa viroboto na wa vumbi kwa pamoja, na wa namna hiyo si wachache.

Kipo kipimo cha bure. Mchane manyoya ya mgongoni juu ya karatasi nyeupe iliyoloweshwa maji. Vumbi jeusi likidondoka na kuacha doa jekundu, hicho ni kinyesi cha kiroboto, nacho ni damu iliyosagwa tumboni mwake. Udongo wa kawaida hauachi doa jekundu.

Sasa kuhusu tiba. Viroboto wazima unaowaona mwilini ni kama 5% tu ya wote walioko nyumbani. Waliobaki ni mayai, lava (mabuu) na pupa (walio ndani ya kifukofuko kabla ya kuwa viroboto wazima), na hao hawakai kwa mbwa. Jike mmoja hutaga hadi mayai 40 au 50 kwa siku, nayo hudondoka popote mbwa anapolala: kwenye gunia lake, kwenye nyufa za sakafu, kwenye mchanga wa kivulini chini ya kibanda. Ndiyo maana kumwogesha Jumamosi kwa sabuni ya viroboto hakumalizi chochote. Wiki ijayo kizazi kingine kinatoka kwenye pupa, na pupa inaweza kusubiri miezi.

Kinachofanya kazi ni dawa inayodumu mwilini, ipewe mbwa wote na paka wote wa nyumba hiyo kwa wakati mmoja, kwa miezi isiyopungua 3 mfululizo. Paka hawakwepeki hapa. Kiroboto anayepatikana zaidi kwa mbwa duniani ni yule wanasayansi wanayemwita Ctenocephalides felis, kiroboto wa paka, na paka wa jirani anayekuja kulala stoo kwako ni sehemu ya hesabu. Vidonge vya kutafuna vya kundi la isoksazolini, kama NexGard na Bravecto, hufanya kazi kwa mwezi mmoja au hadi kama miezi 3, kutegemea aina. Tena huua kupe na utitiri unaoleta upele, kwa hiyo kidonge kimoja kinakuondolea maswali kadhaa kwa mpigo. Mbwa aliyewahi kupata kifafa, mwambie daktari kwanza. Na kama dawa ya mbwa uliyonunua ni ya kudondoshea mgongoni na lebo inataja permethrini, paka asiiguse, inaweza kumuua.

Mazingira nayo yatibiwe. Fua matandiko kwa maji ya moto, fagia nyufa, toa gunia na godoro la mbwa juani. Lava wa kiroboto hukimbia mwanga na hawawezi ukavu, hivyo jua la saa saba mchana ni dawa isiyonunuliwa. Wa pwani wasitegemee msimu wa mapumziko: joto na unyevu viko mwaka mzima, na viroboto vilevile.

"Ni ugali. Mahindi ndiyo yanamletea aleji"

Ugali umesingiziwa sana. Mwaka 2016 watafiti walikusanya taarifa za mbwa 297 waliothibitishwa kuwa na mzio wa chakula unaoonekana kwenye ngozi. Nyama ya ng'ombe iliongoza kwa 34%, maziwa na mazao yake 17%, kuku 15%, ngano 13%. Mahindi yalikuwa 4%. Mchele na samaki walikuwa 2% kila kimoja. Kinachochokoza mfumo wa kinga mara nyingi ni protini ya mnyama, yaani kile ambacho mwenye mbwa anaona fahari kumpa.

Takwimu hizo nazo zisomwe kwa akili. Mbwa hao walikuwa wa Ulaya, Amerika ya Kaskazini na Australia, na mbwa hupata mzio wa kile anacholishwa. Mbwa wa Mwanza aliyekulia dagaa hawezi kupimwa kwa asilimia za samaki wa mbwa wa Ulaya. Ninachochukua kwenye utafiti huo ni jambo moja: usianze kwa kulaumu sembe.

Hapo hapo inakuja dhana pacha: "Amekula chakula hichohicho miaka yote, kwa hiyo hakiwezi kuwa chakula." Mfumo wa kinga hauwezi kuchukia kitu ambacho haujakutana nacho. Mzio hujengeka kwa kukutana na protini ileile mara nyingi, hivyo chakula cha miaka yote ndicho mshukiwa wa kwanza. Kilichoingia jana hakina historia.

Na vipimo? Kuna watu wanatuma damu, mate, hata manyoya ya mbwa, wanaletewa orodha ndefu ya vyakula vya kuepuka. Kwa mzio wa chakula, vipimo hivyo haviaminiki. Njia inayoaminika haina mashine: ni kumpa chakula kisicho na chochote alichowahi kula, kwa wiki 8. Zaidi ya 90% ya mbwa wenye mzio wa chakula huwa wamepata nafuu kufikia muda huo. Wiki 2 hazitoshi, na wengi hukata tamaa wiki ya 3.

Ng'ambo hutumia chakula maalumu ambacho protini zake zimevunjwa vipande vidogo kiasi kwamba mwili hauzitambui. Pale kinapopatikana kwetu, bei yake si ya mchezo. Mbadala ni kupika. Chagua nyama ambayo mbwa hajawahi kuionja na wanga mmoja. Kwa mbwa aliyelelewa kwa vichwa vya kuku, utumbo wa ng'ombe na dagaa, sungura na viazi vitamu ni chaguo zuri. Mbuzi simpendekezi kwa aliyezoea ng'ombe, maana wote ni wacheuaji na protini zao zinakaribiana. Bata naye kwa kuku ni hivyo hivyo. Chemsha bila kitunguu maji wala kitunguu saumu, vyote viwili ni sumu kwa mbwa. Chakula hiki hakijakamilika kwa madini, hasa kalsiamu, kwa hiyo ni cha majaribio kwa mbwa mzima. Mbwa anayekua asianzishwe bila daktari.

Ugumu wenyewe hauko jikoni. Uko kwa watu. Mlinzi wa usiku humgawia mbwa tonge lake la wali na maharage, na humgawia kwa upendo kabisa. Mtoto anadondosha andazi. Jirani anarusha mfupa juu ya ukuta. Mbwa mwenyewe, geti likiachwa wazi, anajua njia ya jalalani. Tonge moja la kitu cha zamani linaweza kuurudisha mwasho na kuharibu wiki tano za subira. Kaeni nyumba nzima mwambiane, mlinzi akiwemo, na mbwa asitoke peke yake. Hata vidonge vya viroboto vyenye ladha ya nyama vihesabiwe. Kwa miezi hiyo miwili, tumieni ya kudondoshea mgongoni.

Mwasho ukipungua, kazi haijaisha. Mrudishie chakula cha zamani. Hatua hii watu huikataa, na ninawaelewa: nani anataka kumchokoza mbwa aliyetulia? Lakini bila hiyo hujui kama amepona kwa chakula au kwa sababu masika imepita. Akiwa na mzio kweli, mwasho hurudi ndani ya saa chache hadi kama wiki 2. Hapo una jibu, na unaweza kuanza kuongeza kitu kimoja kimoja kujua mkosaji ni nani.

"Hayo ni maradhi ya mbwa wa kizungu"

Kuna ukweli nusu hapa. Mzio wa mazingira hurithiwa, na jamii kama Labrador, German Shepherd, Boxer na bulldog wa Kifaransa zinajulikana kwa kuupata zaidi. Utafiti wa Finland wa mwaka 2018 pia ulionyesha kwamba mbwa wanaoishi vijijini wana dalili za mzio kidogo kuliko wa mjini, na ngozi zao zina vijidudu vya aina tofauti. Kwa hiyo koko anayezurura shambani huko Iringa anaweza kweli kuwa na bahati zaidi kuliko German Shepherd wa Masaki anayelala kwenye zulia.

Lakini bahati si kinga. Mate ya kiroboto hayaulizi ukoo. Na siku hizi wengi wa wale tunaowaita wa kienyeji wana damu ya Labrador au German Shepherd vizazi viwili nyuma. Hatari ya dhana hii ni kwamba mbwa wa kienyeji akijikuna huambiwa moja kwa moja ana upele, na kinachofuata ni yale ninayoyaeleza hapa chini.

"Mpake oili chafu" na ndugu zake

Oili chafu ya gari kwa mbwa ni sumu, nukta. Ina masalia ya metali na kemikali zilizoungua kwenye injini, zinapita kwenye ngozi, na mbwa atazilamba. Watu huitetea kwa kusema "upele ulikauka". Utitiri unaweza kweli kuzibwa pumzi na mafuta mazito. Ini na figo za mbwa nazo zinalipa.

Kisha kuna ivamektini ya ng'ombe, dawa ya minyoo na wadudu, kutoka duka la dawa za mifugo. Dawa yenyewe haina ubaya, na daktari anaweza kuitumia kwa mbwa. Tatizo ni hesabu. Chupa ya kawaida ya sindano ina miligramu 10 kwa kila mililita, na dozi ya ng'ombe ni mililita 1 kwa kilo 50. Mtu anavuta "kidogo tu", mililita moja, anamdunga mbwa wa kilo 10. Amempa mara tano ya dozi ya ng'ombe. Kuna mbwa ambao hata dozi hiyo ya ng'ombe isingewafaa: wenye hitilafu kwenye jeni ya MDR1, wakiwemo Collie wengi na baadhi ya German Shepherd, dawa hupenya mpaka kwenye ubongo. Mbwa anayumba, anatetemeka, haoni, na anaweza kufa. Dawa ya josho nayo ni hivyo hivyo. Amitrazi, mojawapo ya dawa hizo, iliyochanganywa kwa kipimo cha mbwa imetumika miaka mingi kwa upele. Iliyomiminwa kwa makadirio ya kifuniko cha chupa imeua.

Jiki, sabuni ya unga na dawa za kusafishia choo zisiguse ngozi ya mbwa. Ngozi yenye aleji tayari ina ukuta dhaifu, na kila ukiubomoa vumbi na vijidudu vinaingia zaidi. Mafuta ya nazi hayana madhara yakipakwa kidogo, yanalainisha ngozi kavu, ila hayatibu. Mwarobaini nina tahadhari nao: maji ya majani yake ni kitu kimoja, mafuta yake mazito ni kingine, na mbwa hulamba kila unachompaka.

Kama unataka kitu cha kuogeshea, tafuta shampuu ya mbwa yenye klorheksidini, dawa ya kuua vijidudu. Mpake povu, subiri dakika 10 kamili ukitazama saa, ndipo usuuze. Wengi husuuza baada ya dakika moja kisha wanasema haifanyi kazi.

"Sindano moja tu inamaliza"

Sindano ya steroidi, dawa kali ya kushusha uvimbe na mwasho, hufanya mwujiza wa wiki mbili tatu. Mbwa analala usiku, manyoya yanaota, mwenye mbwa anamsifu daktari. Halafu mwasho unarudi, anachomwa nyingine, na nyingine. Baada ya mwaka mbwa anakunywa maji bila kushiba, anakojoa ndani, tumbo limeshuka, ngozi imekuwa nyembamba, na maambukizi hayaishi. Na kama tangu mwanzo ulikuwa upele, steroidi imewapa wadudu nafasi ya kustawi.

Sisemi steroidi ni adui. Kwa hali yetu, vidonge vya prednisoloni ndivyo vinavyopatikana na kulipika, na vinafanya kazi. Tofauti ni kwamba kidonge unaweza kukipunguza au kukisimamisha kwa utaratibu wa daktari. Sindano ya muda mrefu ikishaingia haitoki. Dawa mpya zipo. Oklasitinibu, inayouzwa kwa jina la Apoquel na kuruhusiwa Marekani mwaka 2013, hupunguza mwasho ndani ya siku moja, ila si ya mbwa wa chini ya miezi 12 wala mwenye maambukizi makali. Lokivetimabu ni sindano ya kila mwezi inayozuia ujumbe wa mwasho kabla haujafika kwenye neva. Siklosporini nayo inasaidia, lakini huchukua wiki 4 hadi 6 kuonekana.

Hakuna kati ya hizo inayoponya. Kinachokaribia kuubadilisha mwili wenyewe ni tiba ya kuuzoesha: mbwa hudungwa kiasi kidogo cha kile kinachomdhuru, kikiongezwa taratibu, na unaweza kusubiri hadi mwaka kabla ya kujua kama imefaa. Hapo ndipo vipimo vya damu na vya ngozi vina kazi: kuchagua cha kumdunga, baada ya daktari kushaamua kwamba ni mzio wa mazingira. Mshukiwa anayeongoza duniani ni utitiri wa vumbi la nyumbani, ambao hupenda unyevu, magodoro na mazulia.

Piriton, dawa ya aleji ya watu? Imezoeleka, na kwa mbwa wachache inapunguza kidogo. Kwa mwasho uliokwisha kushika, nguvu yake ni ndogo. Cha kuogopa ni mtu kukosa Piriton akampa kidonge cha mafua chenye mchanganyiko. Humo kuna dawa za kuzibua pua na paracetamol, na zote zinaweza kumdhuru mbwa vibaya.

Mara nyingi kinachomwasha zaidi mbwa mwenye aleji leo ni bakteria na fangasi waliojenga juu ya ngozi iliyodhoofika. Ngozi inanata, inanuka, inatoa vipele vyenye usaha. Daktari anayekwangua ngozi kidogo na kutazama kwa hadubini atajua kwa dakika chache kama kuna utitiri, bakteria au fangasi. Kipimo hiki ni cha kawaida. Madaktari wetu waliosomea Sokoine pale Morogoro au Kabete, Nairobi, wanakijua. Kiombe kabla ya kukubali sindano.

"Aleji ya mbwa inaambukiza watoto"

Haiambukizi. Watoto wakianza kuwashwa baada ya mbwa kuanza, hiyo ni dalili kwamba mbwa hana aleji peke yake. Upele wa utitiri huhama kwenda kwa watu, na kwa mbwa huanzia kwenye ncha za masikio na viwiko. Mapunye nayo huhama. Mpeleke mbwa kwa daktari na watoto kituo cha afya, wiki hiyohiyo.

"Ana aleji, asichanjwe" na "nyuki hawamfanyi kitu mbwa"

Aleji ya vumbi au ya nyama haimzuii mbwa kuchanjwa kichaa cha mbwa, na kichaa cha mbwa hakina tiba kikishaonyesha dalili. Wachache huvimba uso baada ya chanjo, kwa kawaida siku ileile. Aliyewahi kuvimba, mweleze daktari kabla ya chanjo inayofuata, naye atajua namna ya kumlinda na kumchunguza baada ya kuchoma.

Nyuki ni suala zito zaidi. Mbwa mchanga huwarukia kwa mdomo, anarudi uso umevimba na vinundu mwili mzima. Wengi hupona. Anayehitaji kukimbizwa ni yule anayetapika ghafla, anayeharisha, hasa damu, anayelegea, au ambaye fizi zake zimekuwa nyeupe. Kwa mbwa, mshtuko wa aleji hupiga sana ini na utumbo, kwa hiyo huenda usione shida ya kupumua mwanzoni, na mtu akadhani amekula sumu na kuanza kumnywesha maziwa. Usimnyweshe chochote. Dawa ni adrenalini na maji ya dripu, na zinatolewa na daktari. Piga simu ukiwa njiani ili mkute sindano tayari. Kundi zima la nyuki likimshambulia, mpeleke hata kama anaonekana mzima, maana sumu nyingi huharibu damu na figo bila kuhitaji aleji yoyote. Na akiruhusiwa kurudi nyumbani, alale mahali mnapoweza kumtazama usiku huo, kwa sababu dalili zikishashuka zinaweza kupanda tena baada ya saa kadhaa.